Mashine Ilisema Ametoka

Siku niliyorudisha kofia na funguo, shefu mpya wa lampisteri aliniomba niwaandikie nyinyi vijana karatasi moja ya kueleza namna ya kutumia mashine ya kusomea taa. Karatasi moja tu, mama, alisema, na ukiweza weka na picha. Picha sijui kuchora. Karatasi moja nayo haitoshi, maana mashine yenyewe naweza kuieleza kabla chai haijapoa, lakini watu waliosimama mbele ya mashine hawaelezeki hivyo. Kwa hiyo nimekaa barazani kwangu, nimevaa miwani, naandika ninavyotaka. Asiyetaka kusoma yote aende akaulize kwa shefu.

Kwa yule ambaye hajawahi kuiona, lampisteri ni nyumba ya taa kwenye mgodi wa chini ya ardhi. Kila anayeshuka anapita dirishani, anapewa taa yake ya kofia, na akipanda anairudisha. Watu wa nje hudhani kazi yetu ni kuchaji betri. Kuchaji ni kazi ya waya. Kazi yetu sisi ni kujua nani yuko chini na nani yuko juu. Baada ya kila posti, yaani kila zamu, mafundi wa baruti hulipua mwamba kule chini, na hawawezi kulipua mpaka lampisteri iseme kwamba watu wa posti iliyokwisha wote wametoka. Sisi tukisema wametoka, ving'ora vinalia. Mkumbuke hilo mnaposoma.

Niliingia pale nikiwa msichana. Baba yangu alikuwa mtu wa Kasongo, mfanyabiashara wa samaki wakavu, anayepanda treni kwenda kuuza Kasaji na kurudi na mihogo. Hakupenda binti yake akafanye kazi mgodini, akasema huko si mahali pa mwanamke wa Kiislamu. Nilimwambia sitashuka, nitakaa dirishani tu. Alinyamaza siku mbili, siku ya tatu akaniuliza kama hilo dirisha lina nondo.

Aliyenipokea aliitwa Tata Banza, yaani Baba Banza, Mluba wa kaskazini, Mprotestanti mwenye vidole vilivyoliwa na asidi ya betri, ambaye aliimba nyimbo za kanisani huku akikosea maneno makusudi. Wakati ule hatukuwa na mashine. Tulikuwa na jeto, kile kisahani cha shaba chenye namba. Mtu anakupa jeto yake, unamkabidhi taa, na jeto unaitundika kwenye msumari wa taa ile. Jeto ikiwa bado msumarini, mwenyewe yuko chini. Akirudi, taa inarudi mahali pake na jeto inarudi mfukoni mwake. Hata mtoto angeelewa.

Mimi sikuelewa. Siku yangu ya kwanza nilimpa mtu taa ya kaka yake, kwa sababu walifanana na jeto niliipokea bila kuinua macho. Tata Banza alipogundua hakunigombeza. Alinichukulia kiti, akanipeleka kwenye mdomo wa mteremko ambako magari hushukia chini, akaniambia nikae pale mpaka yule mtu atoke. Nilikaa kutwa nzima, wanaume wakipita na kuniuliza kama nauza karanga. Yule mtu alipotoka, Tata Banza alikuja kuchukua kiti chake. Akaniambia kuanzia kesho kila mtu nimwite jina kabla ya kumpa taa, kwa sababu mtu akiitwa atainua uso, na taa hupewa uso, haipewi mkono. Nilifanya hivyo mpaka nilipostaafu, na wengi wenu mmenicheka.

Tata Banza alistaafu kabla ya mashine kuja. Mgodi ulipata wenye mali wapya, na wenye mali wapya hupenda kompyuta. Jeto zikawekwa ndani ya pipa. Kila taa ikabandikwa etiketi ya kunata yenye mistari myeusi na namba chini yake. Wenye shule huita msimbopau, sisi tuliita mistari tu. Kifaa cha kusomea kilikuwa na mkono wa kushikia na kitufe cha kidole, kwa hiyo jina lake likawa bastola siku hiyo hiyo. Enjenia aliyekuja kuifunga alikuwa kijana mpole, Tata Mukendi. Alikaa na sisi asubuhi nzima bila haraka, akaeleza mpaka na mimi nikaona ndani ya kitu kile.

Nami nawaeleza kama alivyonieleza. Ukibonyeza kitufe, bastola inatoa mwanga mwekundu. Ndani yake kuna kioo kidogo kinachotikisika kwa kasi, kinaupeleka mwanga ule kushoto na kulia mpaka wewe unaona mstari mmoja mwekundu umetulia. Haujatulia, unakimbia. Unapopita juu ya weusi, weusi unaumeza. Unapopita juu ya weupe, weupe unaurudisha. Ndani kuna jicho la umeme linalopokea ule unaorudi: mwingi, kidogo, mwingi, kidogo. Mashine haioni mistari kama mimi na wewe tunavyoiona. Inahisi tu kwamba sasa mwanga umerudi, sasa umepotea, na umepotea kwa muda gani.

Muda huo ndio unaosomwa. Mstari mnene unaumeza mwanga muda mrefu kuliko mwembamba, na nafasi nyeupe iliyo kati nayo inapimwa vivyo hivyo. Mashine hailinganishi na rula, inalinganisha mistari yenyewe kwa yenyewe, ndiyo maana etiketi ndogo na kubwa zote zinasomeka. Kila tarakimu ina mpangilio wake wa unene na wembamba. Mwanzoni kuna mpangilio unaosema hapa naanza, mwishoni kuna unaosema hapa namaliza, na kwa hiyo hata ukiishika taa kichwa chini, mashine inajua isome kutoka upande gani. Pembeni mwa mistari, huku na huku, lazima pawe peupe. Weupe ule si mapambo, ndio unaoiambia mashine kwamba maneno ya taa hii yanaishia hapa.

Halafu kuna tarakimu ya ukaguzi. Inafichwa mwishoni, na inapatikana kwa hesabu ya zile zilizotangulia. Mashine ikishasoma zote inafanya hesabu hiyo upya, na jibu lisipolingana inanyamaza. Nilimuuliza Tata Mukendi, je, matope yakifunika mstari mmoja, haiwezi kumsoma huyu kuwa yule? Akasema mashine hii huchagua kunyamaza kuliko kukosea. Nilimpenda kwa jibu hilo, na lilikuwa kweli. Mpaka leo sijawahi kuiona bastola ikisoma etiketi kwa namba isiyo yake.

Sasa ya mikono. Usiielekeze bastola wima juu ya etiketi, maana plastiki inang'aa na mng'ao unaurudisha mwanga wote mara moja, jicho linapofuka. Inamisha kidogo. Matope yafute kwa kitambaa chenye maji, si kwa kidole gumba, kwa sababu kidole kinapaka mafuta na kusambaza uchafu. Petroli usiikaribishe, inakula wino. Etiketi ibandike mahali palipo bapa. Ikichanwa kwa mlalo usiitupe, mistari ni mirefu kwa makusudi, sogeza mwanga juu au chini ya mchaniko utapata njia nzima. Ikichanwa kwa wima, sambamba na mistari, hiyo imekwisha, tafuta nyingine. Na dirisha la bastola lisafishwe kila asubuhi. Nimewaona watu wanaopiga taa kofi, wanaipiga bastola kofi, kumbe ni vumbi la siku tatu.

Lakini matope ya kwetu mnayajua. Ni mazito, mekundu yenye rangi ya kijani ndani yake, na yakikauka juu ya plastiki yanakuwa saruji. Mwisho wa posti watu mia kadhaa wanakuja dirishani mara moja, na nje basi linanguruma. Basi halimngoji mtu. Aliyeachwa anatembea mpaka mtaani Musonoi au anatafuta pikipiki, na amechimba tangu alfajiri. Wewe uko dirishani unafuta etiketi moja, wa nyuma wanakutajia mama yako. Hapo ndipo ulipozaliwa ubao wa Dieudonné.

Dieudonné alikuwa mwenzangu wa posti nyingine, mtu mwepesi, mcheshi, fundi wa kila kitu. Hata redio yangu aliitengeneza. Alichukua kipande cha triplai, akachapisha etiketi za taa zote upya, akazibandika safi kwa mpangilio, moja karibu na nyingine, akauweka ubao juu ya meza chini ya dirisha. Taa ikija na matope, unasoma namba iliyochorwa kwa rangi kwenye mgongo wa betri, unaitafuta kwenye ubao, unapiga bastola hapo, inalia, taa inaenda kuoshwa baadaye. Foleni ikawa inakwenda. Watu wakampigia makofi. Mashefu wakaja kuutazama, wakasema ni akili nzuri. Na mimi niliutumia, nani asingeutumia? Wasimamizi wa chini nao, waliokuwa wakihesabu vichwa kabla ya kupanda, wakaacha, kwa sababu mashine inahesabu.

Tatizo la ubao lilikuwa dogo mno hata halikuonekana. Mwanga wa bastola ni mpana kuliko etiketi moja. Taa inapokuwa mkononi mwako hakuna kingine cha kusoma ila taa ile. Kwenye ubao kuna jirani. Mashine haijui umekusudia ipi. Inatafuta katika njia ya mwanga wake mistari yoyote iliyokamilika, yenye mwanzo, mwisho na hesabu iliyo sawa, na ikiipata inalia kwa furaha ile ile.

Kulikuwa na mchimbaji aitwaye Kalenga, taa namba mia mbili kumi na saba. Alifanya kazi mahali pa maji mengi, na hakuna siku taa yake ilirudi ikisomeka, kwa hiyo etiketi yake ya ubaoni ilifutwa na kuguswa kuliko zote. Jirani yake, mia mbili kumi na nane, ilikuwa ya Ilunga, na ile ya ubaoni ilibaki mpya, kwa sababu Ilunga alikuwa na tabia ya kuosha taa yake kwenye bomba kabla ya kuja dirishani.

Ilunga alikuwa mtu wa pampu. Watu wa pampu hufanya kazi peke yao, kwenye njia za pembeni ambako maji hukusanyika, mara nyingi hupanda baada ya wengine, na hakuna anayewaona kutwa. Labda ndiyo maana akija juu alikuwa na maneno mengi. Aliniita mkwe wake. Alisema mtoto wake wa kiume, ambaye wakati ule alikuwa hajaota meno, atamwoa mjukuu wangu, na kwamba mahari atalipa kwa maji ya mgodi kwa sababu hicho ndicho alicho nacho kwa wingi. Nilimjibu kwamba kwetu Kasongo hatupokei maji. Hiyo ilikuwa karibu kila siku, na karibu kila siku tulicheka.

Siku yenyewe mimi nilikuwa posti ya mchana. Nilipofika, Dieudonné alikuwa amemaliza na timu yake ya asubuhi ilikuwa imekwisha kupanda basi, maana siku zao za mapumziko zilikuwa zinaanza. Kwenye kioo cha kompyuta kulibaki mtu mmoja wa asubuhi aliyeandikwa yuko chini: mia mbili kumi na saba, Kalenga. Shefu wa posti, Tata Kyungu, alikuja mara moja, kwa sababu mafundi wa baruti walikuwa wanangoja. Nilikwenda rafuni nikamwonyesha taa ya Kalenga, iko mahali pake, imejaa matope. Kwa uhakika zaidi alimpigia simu, akaweka sauti ya nje ili nisikie.

Kalenga alijibu huku anatafuna. "Niko ku nyumba, shefu. Niko nakula bukari."

Tata Kyungu akamtakia chakula chema, akacheka, akanitazama kama anayesema mashine nayo huchoka. Akafuta jina la Kalenga kwenye kompyuta. Kioo kikawa kitupu, wote wametoka. Ving'ora vikalia, na baada ya kitambo ardhi ikatikisika, vumbi la dari likadondoka juu ya meza yangu kama linavyodondoka kila siku. Nikalifuta.

Baadaye, nilipoanza kuosha taa za asubuhi na kuzirudisha kwenye chaji, nikakuta nafasi moja tupu. Mia mbili kumi na nane. Nikaangalia kompyuta, Ilunga: ametoka, taa imerudishwa, na saa iko. Taa haipo. Nikamwita Tata Kyungu. Hakushangaa sana, na nyinyi msingeshangaa. Taa zetu zinaibiwa. Wachimbaji wa mkono wanaoingia gizani kuiba mawe ya madini kwenye shimo la Mashamba wanazitafuta kwa udi na uvumba, na mtu akirudisha taa dirishani anaweza kuivuta tena mgongo wako ukigeuka. Kwa sheria, taa ikikosekana walinzi wanakwenda nyumbani kwa mwenye namba. Walikwenda Musonoi jioni ile ile.

Asubuhi, maana nilishika pia posti ya timu iliyopumzika, mke wa Ilunga alikuwa dirishani kwangu kabla sijafungua. Tulimwita Mama Bijou, mwanamke mwembamba, mtoto mgongoni. Aliniambia walinzi walipekua nyumba yote wakitafuta taa, mpaka ndani ya sufuria na chini ya godoro la watoto. Aliwauliza bwana yake yuko wapi, wakamwambia ametoka mgodini na taa, wewe ndiwe utuambie yuko wapi. Aliyaeleza haya bila kulia. Kisha akainamia dirisha.

"Mama, kama eko mwizi, sawa, bamufunge. Mi sikatae. Mi nataka tu kujua eko wapi."

Nilikwenda kwa Tata Kyungu. Nilimwambia Ilunga hakurudi nyumbani, na huyu si mtu wa kuiba taa, na pengine hajatoka. Aligeuza kioo cha kompyuta kikanitazama. Namba, jina, saa. Akaniuliza kama niliwahi kuona bastola ikisoma namba isiyo yake. Nikasema hapana. Akaniuliza basi nani alirudisha taa ile ikalia. Nilimwambia nifanyie hisani, tuma watu wawili tu waende mpaka kwenye pampu. Akasema njia ile ya pampu imefungwa na mawe, paa limeshuka kwa mtikisiko wa baruti, wataisafisha wiki inayokuja, na kwa sasa wameweka pampu ndogo upande huu. Nikasema, ndiyo hivyo basi, tafuta nyuma ya mawe. Alikasirika. "Mama Zaina, sitasimamisha mugodi juu ya mutu mwenye mashine inasema ametoka."

Simchukii Tata Kyungu. Nilimchukia siku zile, na kwa nguvu zote. Lakini alisema kile ambacho kila mmoja pale angekisema, na mimi mwenyewe kila nilipotaka kumjibu nilikutana na ule mlio wa bastola mbele yangu. Nilijua inavyosoma. Nilijua inanyamaza isipokuwa na hakika. Elimu ile niliyoifurahia ndiyo iliyonifunga mdomo.

Mama Bijou akawa anakuja kila asubuhi, anakaa kwenye benchi la nje ambapo wanaume huvaa buti. Watu walianza maneno. Wengine walisema Ilunga ameonekana Kasaji na mwanamke. Wengine walisema ameuawa Mashamba wakigombania mawe. Kila mtu alikuwa na mahali pa kumweka, ila pale alipokuwa. Nilimpa chai. Aliinywa kwa adabu na kuniuliza swali moja kila siku, kama mashine imesema kitu kingine. Nilimwambia bado.

Timu ya asubuhi ilirudi kazini mapumziko yao yalipokwisha. Kalenga alipita mbele ya benchi, akamsalimia Mama Bijou, akasimama, akaambiwa. Alikuwa mtu mzito, wa maneno machache, na tulizoea kumtania kwamba hata matope yanamshinda kuongea. Alikuja dirishani akaweka mikono yote miwili juu ya meza. Dieudonné alikuwa ndani pamoja nami, anapokea posti.

Kalenga alisema polepole, "Siku ile shefu alinipigia simu. Alisema mashine inaonyesha niko chini. Lakini taa yangu nilirudisha, Dieudonné, nilikupa mu mukono. Bastola ililia, nilisikia. Sasa ule mulio yangu ulienda kwa nani?"

Dieudonné alichukua bastola. Alivuta ubao karibu, akaielekeza juu ya mia mbili kumi na saba, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akaiinamisha kidogo, jinsi tunavyoinamisha wote tukiwa na haraka, na mwanga mwekundu ukavuka ukingo wa etiketi iliyochakaa ukalala juu ya ile safi ya jirani. Ikalia. Kwenye kioo pakatokea jina la Ilunga.

Aliendelea kubonyeza. Ilikuwa inalia, na inalia, na kila mara jina ni lile lile, mpaka Kalenga akanyoosha mkono akamshika kifundo. Dieudonné alikuwa ametokwa na jasho usoni kama mwenye homa. Mimi nilikwisha kukimbia. Mwanamke wa umri wangu, nimevaa kanga na buti, nilikimbia mpaka ofisi ya Tata Kyungu, na safari hii nilipomwambia alikuja bila kuvaa kofia.

Walisimamisha mgodi. Walichimba mawe ya njia ya pampu kwa mashine, kisha kwa mikono walipokaribia, Kalenga na Dieudonné wakiwa wa mbele, na Dieudonné hakuwahi kushuka chini maishani mwake. Walimkuta Ilunga upande wa pili. Mguu wake ulikuwa umepigwa na jiwe naye alikuwa ameufunga kwa mkanda wake, vizuri, kwa utulivu. Alikuwa ameketi mahali palipoinuka, juu ya maji, mgongo ukutani. Daktari alisema amekufa tangu jana yake. Jana yake mimi nilikuwa nampa mke wake chai.

Yaliyofuata mnayaishi. Ubao ulivunjwa, na mtu yeyote atakayenakili etiketi za taa anafukuzwa. Taa inasomwa yenyewe, ikiwa mkononi, hata basi liondoke. Unatazama kioo, jina lilingane na uso ulio mbele yako, ndipo unamwacha aende, kwa sababu mlio hausemi umesoma nini, unasema tu kwamba umesoma. Tarakimu ya ukaguzi inalinda namba. Haimlindi mtu. Wasimamizi wanahesabu vichwa tena. Dieudonné aliacha kazi mwenyewe, hakufukuzwa. Nasikia yuko kwao, na hatengenezi tena redio za watu.

Limebaki jambo moja ambalo halimo kwenye sheria za ukutani, na ndilo lililonifanya nisitosheke na karatasi moja.

Siku waliyompandisha, mkuu wa waokoaji alileta taa dirishani, kwa sababu taa iliyotoka na mtu lazima irudi, hata mtu akirudi hivyo. Mama Bijou alikuwa amesimama pale. Walimwambia angoje kidogo wakati wanamwosha mume wake. Nilitamani kuisukuma taa ile chini ya meza, lakini alikuwa anaitazama. Nikalowesha kitambaa, nikafuta matope kwenye etiketi taratibu, nikainamisha bastola, nikasoma. Ililia mara moja, mistari ilikuwa mizima kabisa. Kwenye kioo yakatokea maandishi mekundu.

"Inasema nini?" akaniuliza.

Ningeweza kumdanganya. Mashine huandika Kifaransa, naye hakujua kukisoma. Lakini mwanamke yule alikuwa amedanganywa na kila mtu tangu asubuhi ile ya kwanza, na wengi wao walidhani wanasema kweli.

Nikamwambia, "Inasema taa hii ilisharudishwa. Yeye alishatoka."

"Tangu lini?"

Nikamsomea siku na saa, kama zilivyoandikwa. Alihesabu kichwani, mkono mmoja nyuma ukimpapasa mtoto.

"Saa ile alikuwa angali muzima," akasema, akaketi chini pale pale mbele ya dirisha.